Wakubwa Wale, Wadogo Wanawe

Hongera CAF, shirikisho la soka la Afrika! Agosti 2022, pale Arusha, mlitangaza ligi ya klabu 24 za Afrika na kitita cha dola milioni 100. Oktoba 2023 ikafunguliwa Dar es Salaam ikiwa na klabu 8. Simba na Al Ahly wakatoka sare 2-2, na mwisho Mamelodi Sundowns wakabeba kombe na dola milioni 4. Mwaka 2024 haikuchezwa kabisa. Bila shaka ilikuwa inapanuka kimyakimya.

Sisi wa Shela, kisiwani Lamu, hatuna wivu. Kenya haikuwa na klabu hata moja humo, lakini kutazama tuliruhusiwa, na kutazama ndiyo fani yetu. Mpira wetu huchezwa ufuoni maji yakitoka. Yakijaa, bahari hupuliza kipenga na hakuna rufaa.

Tunaambiwa matajiri wakishiba, ligi za nyumbani nazo zitanenepa. Naam! Makombo yataanzia Nairobi, yashuke Mombasa, yafike Mokowe, kisha yasubiri boti. Tutangoja. Wakati huo tuleteeni mpira mmoja usiovuja upepo, nasi tutaishangilia ligi yenu hata isipochezwa.