Pikapu Iliyopimwa kwa Mizani

Vitunguu vikishang'olewa havimsubiri mtu. Shamba letu liko bondeni Mahenge, chini ya mlima Kitonga, na nyumba yetu iko Ilula, juu ya mlima, kwenye hewa ya baridi ambako vitunguu hukaa vizuri darini hadi bei ipande. Kati ya shamba na dari kuna barabara ile ya kwenda Zambia, yenye kona na malori, na kila msimu tulikuwa tunaipanda kwa Canter ya kukodi. Msimu ukikolea, wenye Canter huenda kwa anayelipa zaidi. Kuna usiku tulilala shambani tukifunika magunia kwa turubai huku mvua inanyesha, gari tuliloahidiwa likiwa limeshabeba mzigo wa mwingine.

Ndipo mume wangu alipofungua daftari la shamba mbele ya familia nzima na kutuonyesha kwamba nauli ya mizigo inameza faida kuliko mbolea na dawa zikiwekwa pamoja. Tukakubaliana kutafuta pikapu ya kazi, yenye nguvu ya kuvuta tela. Tela lenyewe tulikuwa nalo, la ekseli moja, Baba mkwe alilichomelesha Iringa miaka ya nyuma. Fedha ilitoka kwenye ng'ombe waliouzwa, kikoba cha Mama mkwe na akiba ya shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam. Ilitimia milioni 24, na Mama akakabidhiwa aitunze.

Kuanzia hapo nyumba ikagawanyika. Baba alitaka Land Rover, kwa kuwa ujana wake wote aliendesha Land Rover katika barabara za udongo za Iringa na hakuna gari jingine analoliamini. Shemeji alitaka Hilux, kwa sababu vipuri vyake vinapatikana kila mji na ukitaka kuiuza inanunuliwa siku hiyo hiyo. Mume wangu aliitamani Land Cruiser, ile inayoitwa mkonga, lakini alikuwa akiitaja kwa sauti ya chini kwa sababu ya bei. Ubishi ulianza wakati wa chai ya asubuhi na kuendelea hadi ugali wa usiku, na watoto nao wakajigawa, mkubwa upande wa babu yake, mdogo upande wa baba yake.

Mama alisikiliza wote, kisha akauliza swali moja: "Litavuta kilo ngapi?"

Shemeji alikuwa kwenye simu, spika imefunguliwa. Akajibu kwamba magunia ni kumi na tano, kila gunia kilo mia, basi ni tani moja na nusu. Mama hakuridhika. Kesho yake aliazima mizani ya mnunuzi wa mazao, vijana wakaning'iniza magunia moja baada ya jingine, mimi nikawa naandika. Gunia letu lilikuwa lumbesa, yaani lililorundikwa kupita mdomo wake, kama yalivyo magunia mengi ya vitunguu, na wastani wake ulikuwa kilo 130. Kumi na tano yakawa kilo 1,950. Kisha tukalipeleka tela tupu kwenye mizani ya gari, likasoma kilo 520. Jumla ikawa kilo 2,470. Karibu tani nzima ilikuwa imejificha katika hesabu za mdomo, na tani hiyo ndiyo ambayo ingetusukuma korongoni Kitonga.

Namba hiyo ilibadilisha kila kitu. Kwa pikapu nyingi, watengenezaji huruhusu tela lisilo na breki zake lenyewe lisizidi kilo 750. Tela lenye breki ndilo linaloweza kufika tani tatu na nusu kwa magari makubwa kama Land Cruiser ya muundo wa 79. Tena sehemu ya uzito wa tela, kama asilimia 10, inatakiwa ilale kwenye ndoano ya gari. Kwetu hiyo ni karibu kilo 250, nazo zinahesabika kwenye mzigo wa gari lenyewe. Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta gari na breki za tela kwa pamoja, na milioni 24 zilipaswa kutosha vyote viwili.

Shemeji alituharakisha. "Mama, mchagua jembe si mkulima," alisema.

Mama akamjibu, "Jembe likivunjika unakaa chini ya mti, mwanangu. Gari likikatika breki Kitonga nawazika ninyi."

Watu hutuuliza kwa nini hatukuagiza kutoka Japani kama wengine wanavyoagiza Toyota Noah. Sababu ni kwamba pikapu za aina hii hazikuuzwa sana huko. Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004, ikairudisha mwaka 2017. Land Cruiser ya 70 nayo iliondolewa sokoni huko mwaka 2004, ikarudi kwa muda mfupi mwaka 2014, kisha tena mwaka 2023. Hilux nyingi za miaka ya katikati zilitengenezwa Thailand, na zilizotumika zinazoletwa kutoka huko bei yake iko juu tangu bandarini, kabla ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Mwenye mfuko kama wetu anabaki na magari yaliyokwisha kutumika hapa hapa nchini: ya serikali, ya miradi, ya migodi, ya mashamba makubwa. Mengi yamefanya kazi ngumu, na kazi ngumu huacha alama ambazo rangi mpya huzifunika.

Tuliziona alama hizo Dar es Salaam. Shemeji alipata Hilux nyeupe inayong'aa, yenye injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na turbo, injini inayopendwa na kila fundi. Dalali alisema wateja wengine wako njiani, akaomba pesa ya kushikilia gari, na shemeji akatoa. Tulipofika na fundi wetu, yeye hakuangalia rangi. Alitoa sumaku mfukoni akaipitisha ubavuni mwa bodi, na kila mahali iliposhindwa kunata alituambia kuna puti. Kisha akalala chini na tochi. Nyuma ya kabini, chesesi ilikuwa imechomelewa pande zote mbili na kupakwa rangi nyeusi. Gari hilo liliwahi kukunjika. Kulifungia tela la tani mbili na nusu ni kuomba likatike pale pale lilipoungwa.

Dalali alikataa kurudisha pesa. Shemeji aliona aibu sana, akataka kuiacha, lakini mume wangu alimshika mkono wakaenda ofisi ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti akamwita dalali. Baada ya mabishano marefu sehemu kubwa ilirudi. Usiku ule shemeji alimpigia Mama simu akalia, na Mama alimwambia kwamba pesa iliyopotea ni ndogo kuliko jeneza.

Baba naye akapata habari ya Land Rover 110 Mafinga. Sijawahi kumwona akivaa koti lake la harusi kwa ajili ya kuangalia gari, lakini siku hiyo alilivaa. Alilizunguka gari polepole, akagusa milango, akaniambia majina ya barabara alizopita na gari kama lile. Liliwaka vizuri na kuvuta vizuri. Tatizo lilikuwa kwenye kadi. Injini ya asili ilikufa, ikawekwa ya gari jingine, jambo la kawaida kwa Land Rover za hapa kwetu, ila namba ya injini iliyofungwa haikufanana na iliyoandikwa. Mwenye gari hakuwa na risiti wala karatasi yoyote ya injini ile. Bila hizo, kuhamisha umiliki TRA ni kesi, na siku trafiki akilinganisha namba, mwenye kulala kituoni ni aliye kwenye usukani. Baba alisoma kadi mara nyingi, akaikunja, akairudisha. Njia nzima ya kurudi Ilula hakusema neno, na sisi tulimheshimu kwa kunyamaza naye.

Kisha tukajaribu mnada, nao ulitufundisha lingine. Tangazo lilisema magari yatauzwa kama yalivyo, mahali yalipo, na mshindi alipe asilimia 25 papo hapo. Maana yake ni kwamba ukinunua gari bovu, ubovu ni wako tangu nyundo inapogonga, na usipokamilisha malipo kwa wakati amana inapotea. Kulikuwa na Land Cruiser nzuri ya mradi, mume wangu akainua mkono hadi mwisho wa fedha yetu, wafanyabiashara wakaendelea kupanda bila hata kutazamana. Alirudi akiwa amechoka. Wakati huo vitunguu vilikuwa vimefikia kung'olewa tena, Canter zilikuwa zimepandisha bei tena, na ada ya shule ilikuwa inadaiwa. Kila mtu mle ndani aliiona ile milioni 24 na kukumbuka shida yake. Mama aliendelea kuitunza.

Pikapu yetu ilitoka Mufindi, kwenye shamba la chai lililokuwa likiuza magari yake ya zamani. Ni Land Cruiser ya 75, muundo uliokuwepo kabla ya 79 kuingia mwaka 1999. Ina namba za usajili za zamani, za herufi A, rangi imepauka, kiti cha abiria kimeshonwa kwa turubai, na mbele ina springi za majani. Ndani yake kuna 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, bila turbo, pampu ya dizeli isiyo na kompyuta. Gari la namna hii halikimbii. Linachojua ni kuvuta taratibu kuanzia chini, na likiharibika fundi wa wilayani analifungua kwa spana. Kwetu hiyo ndiyo maana ya gari nafuu: lile ambalo familia inaweza kulinunua na bado ikaweza kulitengeneza mwaka wa tano.

Fundi aliomba injini isiwashwe kabla hajafika, ili aisikie ikiamka baridi. Iliwaka mara moja, moshi kidogo, kisha ukakata. Alifungua kifuniko cha oili akatazama mvuke, akafungua rejeta kutafuta mafuta kwenye maji, akagonga chesesi kwa nyundo kutoka bampa hadi bampa. Aliona sili inayovuja kwenye boksi la 4x4 na springi za nyuma zilizolegea, akaandika bei ya kila kimoja. Mama alikuja nasi, akakataa kutoa hela kabla hajaliona likivuta. Wenye shamba walikuwa waungwana, wakatufungia tela lao lenye mifuko ya mbolea, na mume wangu akalipandisha kilima cha kiwandani, akasimama katikati, akaondoka tena bila gari kurudi nyuma. Namba za chesesi na injini zilifanana na kadi. Tukalipata kwa milioni 21, na milioni tatu zilizobaki zikaenda kwenye sili, springi, kuhamisha umiliki, na breki za tela: zile ambazo gari likipunguza mwendo, tela linasukuma ulimi wake na kujifunga breki lenyewe.

Hata hivyo Kitonga ilitudai somo moja zaidi. Safari ya kwanza ya kushuka tulibeba samadi. Vijana wa kupakia walirundika mifuko nyuma ya tela kwa kuwa ndipo mlango ulipo, na tukaondoka alfajiri gizani. Mara tulipoanza kuteremka, tela likaanza kuyumba, kushoto, kulia, kila mara kwa upana zaidi, na nilihisi mgongo wa gari unavutwa. Mzigo uliolala nyuma ya ekseli ulikuwa unainua ndoano badala ya kuikandamiza. Mume wangu hakukanyaga breki kwa nguvu. Aliachia mafuta, akashika usukani wima, injini ikapunguza mwendo yenyewe, tukasimama pembeni. Dereva wa lori la Zambia alisimama nyuma yetu, akawasha taa za tahadhari, akapanga matawi barabarani, kisha akapanda mwenyewe kusaidia kuhamisha mifuko hadi uzito mkubwa ukawa mbele kidogo ya ekseli. Tukashuka tena kwa gia ya pili, tela limetulia kabisa.

Tangu hapo kuna sheria nyumbani kwetu, na Mama ndiye anayeisimamia. Tela halitoki bila mtu mzima kukagua mzigo, mnyororo wa usalama na taa. Gunia haliendi garini bila kupimwa. Na kila safari, kabla ya fedha ya mzigo kugawanywa, sehemu yake inaingia kwenye kopo la pikapu, la oili, matairi na fundi. Baba ndiye anayekagua maji na oili kila asubuhi. Hajaiacha Land Rover moyoni, lakini anaijua 1HZ kwa mlio wake, na akisema leo isiende, haiendi.

Jirani zetu wengi sasa wanatafuta gari la kazi, na wengi wanaanza na rangi, jina na bei. Ninawaomba waanze na mizani. Jueni mzigo wenu kwa kilo, pamoja na tela lenyewe, kisha tafuteni chesesi, breki na injini zinazouweza, na mwishoni kabisa zungumzeni bei. Pamoja na mzigo wa shamba hupanda watu wetu: mume, shemeji, kijana wa kupakia, mtoto aliyeomba lifti ya shule. Gari linalowapandisha wote hao Kitonga na kuwashusha salama ndilo la bei nzuri, hata kama rangi yake imepauka.