Sifa za Mafuta ya Elfu Tano

Shaaban Robert aliitungia Vita Kuu ya Pili utenzi mzima. Watunzi wengine wameusifu mnazi, wamelisifu jahazi, wamesifu hina na asumini. Lakini katika nchi yenye malenga wengi kiasi hiki, sijakutana na hata ubeti mmoja uliotungwa kwa heshima ya mafuta ya elfu tano, mafuta yanayoitembeza Dar es Salaam kila siku ya Mungu. Kwa kuwa waliostahili wamenyamaza, acha niyasifu mimi niliyeishi nayo mpaka tukazoeana.

Kwa asiyejua, yaani mwenye kadi ya mafuta ya ofisini, ibada yenyewe huendeshwa hivi. Unaingia sheli taratibu, unasimamisha gari upande uliko mfuniko wa tangi, unashusha kioo nusu. Dada wa pampu anakuja na tabasamu la kazini. “Karibu kaka, full tenki?” Anajua fika kwamba si full tenki. Anauliza kwa adabu tu, kama mwenyeji anavyombembeleza mgeni aliyekwisha vaa viatu abaki kula. Wajibu wako ni kujibu bila kutetereka. Wapo wanaume wanaoitaja elfu tano kwa sauti kubwa ili kuwahi aibu kabla haijawawahi. Wapo wanaoinama wakitafuta simu isiyopotea. Na wapo mabingwa wanaosema, “Weka ya elfu tano kwanza.” Hiyo “kwanza” imesitiri heshima za watu wengi mjini hapa. “Sifuri hapo, kaka,” anasema dada akikuonyesha kioo cha pampu, na unaikazia sifuri macho kwa umakini ambao mwanao hajaupata hata siku moja kwenye daftari lake la hesabu. Ukipepesa, yamekwisha kuwekwa.

Faida zake ndogondogo nizitaje haraka, maana anayesifia hapaswi kuruka kitu. Gari linakuwa jepesi: tangi la lita 40 likijaa hubeba karibu kilo 30 za petroli, na sioni sababu ya kuzungusha mjini mzigo wa gunia dogo la mchele usiolika. Mwizi akiliiba gari, halitafika mbali, na atakapolitelekeza itabidi atembee kama sisi. Shemeji anayependa kuazima gari “mara moja tu mpaka Bunju” hutupia jicho dashibodi, akaona taa ya njano, akakumbuka kuwa daladala zipo. Mafuta haya pia hufundisha jiografia. Mwenye tangi lililojaa hajui kama barabara ya kwao inapanda au inashuka. Mimi najua kila mwinuko kutoka Kimara mpaka mjini, najua ni wapi mshale hupanda kidogo kwa sababu ya mteremko, na nimejifunza kutoushangilia. Na swala? Watu hudhani imani hukua msikitini na kanisani tu. Hawajawahi kukaa kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni, taa ya mafuta imewaka tangu Magomeni.

Kuna jambo jingine, nalo si la utani. Nchi hii humtoza zaidi anayenunua kidogo. Mkaa wa kopo ni ghali kuliko mkaa wa gunia ukipiga hesabu kwa kilo. Mafuta ya kula ya kupima, sukari ya robo, sabuni iliyokatwa vipande, vyote vina adhabu ndani yake, na anayelipa adhabu hiyo ni yule asiyekuwa na fedha ya kununua kwa jumla. Pampu haina tabia hiyo. Aliyekuja na elfu tano na aliyekuja na laki mbili wanauziwa lita kwa bei ileile, na dada ni yuleyule. Nilikuwa karibu kulia kwa furaha ya usawa huu, mpaka nilipokaribia pampu na kusoma kibao chake. Pampu hizi huwa na kiasi cha chini kinachodhaminiwa, mara nyingi lita 2 au lita 5. Chini ya hapo, usahihi wa kipimo haumo katika ahadi. Agosti 2022, bei kikomo ya petroli kwa Dar es Salaam ilipofika Sh3,410 kwa lita, elfu tano ilinunua lita moja na nusu kasoro vijiko viwili vitatu. Pampu inayoanzia lita 2, kwa hiyo, hunihesabu mimi kuwa tetesi.

Hata hivyo, hakuna mteja mwenye msimamo kunizidi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya, na usiku wa kuamkia siku hiyo mnunuzi wa tangi zima hagusi usingizi: ajaze leo au asubiri kesho? Mimi bei ikipanda naweka ya elfu tano, na ikishuka naweka ya elfu tano. Urusi iliivamia Ukraine, pipa la mafuta likapanda huko duniani, Serikali ikatoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi Juni 2022, wachumi wakahojiwa kwenye redio, na mimi matumizi yangu hayakuongezeka hata senti. Kilichobadilika ni mahali nitakapoishia tu.

Lakini sifa iliyo kuu, ambayo kwayo mafuta haya yangestahili hata sanamu pale kwenye mzunguko wa Askari, ni uzalendo wake. Bei inapotangazwa, huambatana na mchanganuo, mstari kwa mstari, unaoonyesha kila anayegusa lita moja kabla haijafika kwenye tangi lako. Nimeusoma mchanganuo huo kwa utulivu ambao watu huuweka kwa wosia. Ichukue noti ya elfu tano, ile yenye kifaru, uiweke mezani, kisha uwakaribishe wageni. Anaingia mwenye mafuta huko yalikochimbwa na kusafishwa, anakata kipande chake, na kipande chake ni kikubwa, hatumlaumu. Inaingia meli na nauli yake. Bandari inaingia na tozo ya gati. Reli inaingia na tozo yake ya maendeleo, ingawa mimi nipo barabarani. Forodha wamo. Wakala wa Vipimo wamo. Shirika la Viwango wamo. TASAC wamo kwa sababu ya meli. EWURA wenyewe wamo, maana anayepanga karamu lazima naye ale. Kuna gharama ya vinasaba vinavyotiwa ndani ya mafuta ili yasichakachuliwe. Kuna mafuta yanayopotea baharini, na kuna yanayopaa hewani kwa mvuke: nayo nayalipia, ingawa hayajawahi kunifikisha popote. Ushuru wa bidhaa upo. Ushuru wa barabara upo, ule ulioongezwa Sh100 kwa lita mwaka 2021 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Mwaka 2023 ikaja Sh100 nyingine kwa ajili ya miradi mikubwa. Ipo tozo ya petroli inayopeleka umeme vijijini, kisha faida ya mwagizaji, ushuru wa huduma wa halmashauri, gari la kusambaza, na mwenye kituo, ambaye kwa kweli naye ana familia.

Wote hao ndani ya kifaru mmoja! Taja karamu nyingine iliyolisha wageni wengi hivyo kwa elfu tano na bado mwenye nyumba akapata cha kumfikisha Posta. Ukiniona nakatiza Jangwani kwa mwendo wa pole, kiyoyozi kimezimwa, madirisha yote wazi, usinione masikini. Mimi ni bajeti ya Serikali inayotembea. Nimewasha taa kwa bibi mmoja huko Namtumbo, nimetandika mataruma ya reli, nimekagua mizani, na nimebakiwa na mvuke. Na anayejaza tangi anatoa mchango huo mara moja tu na kusahau. Mimi nautoa leo, kesho na keshokutwa, kila mara kwa nia mpya.

Hapo kwenye ushuru kidogo nina hasira, na sitaificha. Iligundulika, kana kwamba kuna aliyekuwa hajui, kwamba wajanja walikuwa wanachanganya mafuta ya taa na dizeli kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo. Uchakachuaji ukawa neno la mjini. Dawa iliyopatikana mwaka 2011 ni kupandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka Sh52 mpaka Sh400 na senti kwa lita, ili yasiwe na faida kwa wachakachuaji. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Ila mchakachuaji ana lori la lita maelfu, akifungiwa njia hii atatafuta nyingine. Mama wa kibatari, aliyekuwa anatuma mtoto dukani na kichupa ili mwanafunzi wa darasa la saba amalize maswali yake, yeye hakuwa na njia nyingine. Hakuwahi kuchanganya chochote na chochote. Alinunua kidogo, kwa hiyo hakuwepo kwenye kikao. Miaka ile hakuna aliyesema, “Tusubiri kwanza tujue watoto watasomea nini usiku.” Naomba radhi, nilikuwa nasifu.

Turudi kwenye furaha. Siku hizi kuna washauri wa fedha, vijana nadhifu wenye vipaza sauti vidogo vya kubana kwenye shati, wanaotufundisha kwamba kununua mafuta kidogokidogo ni ukosefu wa mipango. Jaza tangi mara moja, wanasema, utaokoa muda. Fundi wangu naye, kwa ushahidi wa kitaalamu zaidi, huniambia kuwa pampu ya mafuta iliyomo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe, na kwamba anayeendesha tangi tupu ataiunguza. “Weka walau robo, kaka,” hunisihi, huku akiniandikia bei ya pampu nyingine. Wote wawili wana hoja. Wote wawili pia wanadhani elfu tano ni tabia. Kijana wa bodaboda anayeweka ya elfu mbili alfajiri hajakosa mipango: ana hesabu ya bosi ya kupeleka jioni, na fedha ya lita ya pili ipo bado mfukoni mwa abiria ambaye hajaamka. Fundi ujenzi anasubiri malipo ya ukuta aliokwisha kuupiga rangi. Mwalimu anasubiri malimbikizo. Kwa kila noti ya elfu tano inayoingia sheli, kuna mtu mahali fulani ambaye hajalipa.

Ndiyo maana mstari ninaoupenda kuliko yote katika mchanganuo wa bei ni ule wa demareji. Ukisimama ufukweni Ocean Road utaziona meli zimetia nanga kule nje, zinangoja. Meli ikingoja kushusha mafuta kupita muda waliokubaliana, mwenye meli hulipwa kwa kila siku ya kungoja, na gharama hiyo huingizwa kwenye bei ya lita. Yaani mimi, katika elfu tano yangu, namlipa mtu ninayemwona kwa mbali kwa sababu amekawizwa. Sina kinyongo naye. Kukawizwa kunauma. Ninachostaajabia ni kwamba nchi inajua kabisa kuwa muda wa mtu ni fedha, imeiandikia kanuni, imeipigia hesabu, ilimradi mtu huyo awe na urefu wa mita 180 na bendera ya Panama.

Mimi nami nimetia nanga. Kuna ofisi moja, jina lake nalihifadhi, niliyoiandikia na kuihariria ripoti kabla ya masika. Ripoti ilichapishwa, ikazinduliwa, watu wakapigwa picha wameishika. Masika yakaja yakapita. Ankara yangu ilikuwa mezani kwa bosi, kisha bosi akawa safarini, kisha mfumo ukawa unasumbua, kisha ankara ikaonekana haina namba fulani ambayo wao ndio waliotakiwa kunipa. Kila nikienda naambiwa nije Alhamisi, na kila Alhamisi ni elfu tano nyingine. Nje ya jengo, shangingi la ofisi linaunguruma chini ya mwembe, dereva amelaza kiti, kiyoyozi kinapuliza, anamsubiri mkubwa aliye ndani kwenye semina. Tangi limejaa, limejazwa kwa kadi. Nimewahi kusimama pale nikipiga hesabu ya vifaru wanaopita kwenye lile bomba la moshi tangu chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana, nikaacha, kwa afya yangu.

Mwishowe nikaamua kuiga meli. Nikaandaa ankara ya pili, safi, yenye kichwa cha habari: Gharama za Kusubiri, kwa siku, kuanzia tarehe mwandishi alipotia nanga kwenye benchi la uhasibu. Nikaambatanisha na mchanganuo. Mama mhasibu, mtu mstaarabu ambaye hana kosa lolote katika habari hii, aliisoma mpaka chini, akavua miwani.

“Shikamoo yako nimeipokea, mwanangu, na hii kazi nimeipenda,” akasema. “Sasa ilete nakala tatu, na risiti ya EFD.”

“Mama, risiti ya EFD ya kusubiri inatolewa wapi?”

“Hiyo hata mimi sijawahi kuiona. Muulize bosi. Yupo Dodoma, anarudi Alhamisi.”