Kabla Hujatoa Hela: Mambo Tisa ya Kukagua Trekta Lililotumika, Kutoka Hanang hadi Mbulu

Ukiwa na hela ya trekta, Katesh nzima inakujua kabla hujashuka kwenye basi. Dalali wa kwanza anakuita bosi, wa pili anakuita mheshimiwa, wa tatu ameshakuagizia chai. Kunywa chai. Chai haina mkataba.

Huku familia nyingi hupata hela ya trekta kwa kuuza mifugo, na mwenye alizeti, ngano au vitunguu saumu vya Mbulu anaongezea mavuno ya misimu kadhaa. Zizi likishatoka, halirudi kwa kumlalamikia dalali. Ndiyo maana naomba unisikilize mpaka mwisho. Nahesabu kushuka, kutoka jambo jepesi hadi lile ambalo ukiliruka mengine yote umejisumbua bure.

9. Rangi

"Mjomba, ona Massey linavyong'aa!"

"Naona, mjomba. Sasa nionyeshe mahali brashi haikufika."

Rangi hailimi. Inama chini ya trekta, tazama kwenye maungio ya injini na gia boksi. Rangi mbichi iliyopakwa juu ya oili iliyoganda inakuambia kuna mahali panavuja na kuna mtu hakutaka upaone. Tazama na vichwa vya bolti: vikiwa vimekwaruzwa na spana juu ya rangi mpya, injini imefunguliwa juzi. Kufunguliwa si dhambi. Uliza walikuta nini ndani, na risiti za spea zilizowekwa ziko wapi. Muuzaji mkweli hufurahi kuulizwa, kwa sababu hapo ndipo anapopata kueleza gharama zake.

8. Mita ya saa

Umri wa trekta ni saa lilizofanya kazi. Dalali atakuonyesha mita imesimama kwenye 3,000 na tabasamu juu. Muulize: imesimama tangu lini? Kwenye Massey za zamani mita huzungushwa na waya kutoka kwenye injini. Waya ukikatika, trekta linaendelea kuzeeka na mita inabaki kijana. Hata ikiwa nzima, huhesabu saa kamili pale tu injini inapozunguka kwa kasi iliyopangiwa. Ikiunguruma taratibu, saa moja ya ukutani haifiki saa moja ya mita.

Kwa hiyo soma mita ambazo hakuna anayekumbuka kuzirudisha nyuma. Raba za pedeli zimelika kiasi gani? Bati la kukanyagia limekuwa laini? Tundu la pini ya kuvutia tela bado ni duara, au limevutwa likawa refu kama yai? Siti mpya juu ya pedeli zilizochakaa ni ushahidi tosha.

Halafu mtafute dereva, peke yake, mnunulie chakula cha mchana. Matrekta mengi ya huku hulimia watu kwa eka, na msimu ukikolea hulala shambani taa zikiwaka. Mwenye trekta anajua alilinunua bei gani. Dereva anajua linaumwa wapi. Ukimkosa dereva, watafute waliolimiwa msimu uliopita. Mama aliyesubiri trekta siku tatu kwa sababu limekufa kwenye kona ya shamba lake hajasahau, na atakueleza bila kuombwa.

7. Tairi

Tairi za nyuma ndizo zinazovuta jembe. Pima urefu wa meno, tafuta nyufa za ubavuni, na uangalie kutu ya rimu karibu na valvu, hasa kama tairi zimewahi kujazwa maji kuongeza uzito. Kabla ya kujadili bei, ulizia dukani jozi ya ukubwa uleule ni shilingi ngapi. Zikiwa zimekwisha, bei uliyotajiwa ni ya trekta lililokaa. La kutembea lina bei nyingine.

6. Ekseli ya mbele, na tope

Inua mbele kwa jeki, shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, bushi na kingipini zimelika. Zungusha usukani ukiwa umesimama: ukizunguka mbali kabla gurudumu halijajibu, kuna matengenezo yanakusubiri.

Kuna jambo la kwetu ambalo lazima nilitaje hapa. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu za Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyumba zilikwenda, maduka yalikwenda, na vyombo vya moto vilizama. Mashine iliyotoka topeni haina kosa, wala mwenyewe hana kosa. Wengi walianza upya kwa hicho hicho walichofukua. Uliza kwa heshima, lakini uliza. Kisha angalia udongo mkavu kwenye pembe ambazo maji ya bomba hayafiki: nyuma ya dashibodi penye nyaya, ndani ya kisafisha hewa, kwenye starta na alteneta, na kwenye tundu dogo chini ya nyumba ya krachi. Trekta likisafishwa vizuri na kwa uwazi, linafaa kununuliwa kwa bei yake.

5. Karatasi

"Kadi iko Singida kwa shemeji."

"Basi twende Singida. Hela nayo inapenda safari."

Ishike kadi halisi ya usajili. Soma namba ya chasisi na ya injini kwenye kadi, halafu zisome kwenye chuma chenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyekaa mbele yako. Kama ni la marehemu, unayezungumza naye awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Machozi ya ndugu wote kumi hayatoshi kuhamisha umiliki.

Ulizia na mikopo. Baada ya mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, matrekta ya Farmtrac na New Holland yalitoka India yakauzwa kwa mkopo kupitia SUMA JKT, na mabenki nayo yamekopesha mengine. Trekta la mkopo liuzwe pamoja na barua ya kumaliza deni. Bila barua, unaweza kununua na mdai juu yake.

Mkiandikiana, mwandikiane mbele ya wakili, na mke wa muuzaji awepo asaini kama shahidi. Ukiona muuzaji anataka mambo yaishe kabla mama hajarudi kutoka sokoni, msubiri mama.

4. Krachi, gia na breki

Mtu wa Mbulu asilipe jambo hili dakika tano tu. Ukiwa uwanda wa Basotu, breki mbovu ni usumbufu. Ukiteremka Magara kuelekea bonde la Ufa na tela la magunia nyuma, breki mbovu ni msiba. Trekta lina pedeli mbili za breki, ya kushoto na ya kulia. Jaribu kila moja peke yake, kisha zifunge pamoja na ukanyage ukiwa kwenye mwendo. Likivuta upande mmoja, ndivyo litakavyovuta mteremkoni.

Krachi ya Massey nyingi ina hatua mbili: ukikanyaga nusu trekta linasimama, ukikanyaga yote na shafti ya nyuma inasimama. Hakikisha hatua zote mbili zipo. Panda kilima kwa gia kubwa. Injini ikipaa na trekta lisiongeze mwendo, krachi imekwisha, na kuibadilisha ni kulitenganisha trekta vipande viwili katikati. Dalali akisema "ni kazi ya nusu saa", mwambie aifanye sasa hivi, wewe utasubiri.

3. Haidroliki

Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika, kwa sababu mikono ya nyuma ikiinuka tupu kila mtu hupiga makofi. Mikono mitupu haina uzito. Funga jembe la diski tatu, liinue juu kabisa, zima injini, ukae chini ya mti upige hadithi. Jembe likianza kushuka haraka, sili au valvu zinapitisha. Likiinuka kwa kutetemeka, kuna hewa, chujio limeziba au pampu imechoka.

Kwenye Massey za aina ya 135, 165 na 290, pampu hiyo imo ndani ya mwili wa trekta, imezama kwenye oili ileile ya gia. Kuna mambo mawili hapo. Kwanza, kuifikia ni kufungua kifuniko kizito cha juu, kazi ya fundi mwenye vifaa. Pili, maji ya mvua yakipenya kwenye mpira wa liva ya gia, pampu na gia vinakunywa maji hayo pamoja. Chomoa stiki ya oili ya gia. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, haidroliki inayoinua leo haina ahadi ya kesho.

2. Injini, ikiwa baridi

"Nimeliwasha mapema, bosi, usisubiri kwenye baridi."

"Asante kwa ukarimu. Nitarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi."

Na urudi kweli. Injini ya moto huficha mengi. Ya baridi haina pa kujificha, na asubuhi za Juni na Julai kule Mbulu zina baridi ya kutosha kuifichua. Weka kiganja kwenye injini kabla haijawashwa. Ikiwa vuguvugu, umeshajua. Angalia limeegeshwa wapi pia: trekta linalolala mteremkoni kila siku lina betri au starta isiyoaminika, au injini isiyowaka bila kusukumwa na kilima. Omba lisogezwe tambarare, kisha liwashwe kwa ufunguo.

Kabla ya ufunguo, fungua kifuniko cha rejeta. Utando wa oili juu ya maji, au oili nyeupe kwenye stiki, ni dalili ya gasketi, hedi au sili za slivu kupitisha. Ukiiona, rudi na fundi au rudi nyumbani.

Sasa washa, uangalie moshi. Mweupe kidogo wakati wa baridi si neno. Ukiendelea baada ya injini kupata moto, kuna dizeli isiyoungua au maji yanaingia. Mweusi mwingi ni dizeli kuzidi hewa: chujio la hewa, nozeli au pampu. Wa bluu ni oili inaungua, yaani ringi au vishikio vya valvu vimechoka. Halafu fungua kifuniko cha kujazia oili wakati injini inaunguruma. Mvuke mwepesi ni kawaida. Moshi ukipuliza kwa nguvu na kurusha matone, mgandamizo unavuja kupita ringi, na hakuna rangi ya Massey itakayoziba hapo.

Kuhusu aina, nasema wazi: injini ambayo fundi wa Haydom au Dongobesh anaweza kuifungua, na spea zake zipo Babati au Arusha, ina thamani kuliko mpya zaidi ambayo nozeli yake huagizwa ng'ambo. Perkins ya silinda nne ndani ya Massey 290 ni mzee, lakini mzee anayefahamika na mafundi.

1. Shamba

Yote yaliyotangulia ni mahojiano. Shamba ndilo kazi.

Wilaya ya Hanang inajua matrekta. Miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano Basotu, Setchet, Mulbadaw na kwingineko, juu ya ardhi ya malisho ya Wabarbaig, na kesi za ardhi hiyo zikafika hadi Mahakama ya Rufani. Mashine kubwa zimelima uwanda huo miaka mingi, na watu wake wanajua sauti ya injini iliyoelemewa wakiwa mbali.

Kwa hiyo nunua dizeli mwenyewe, kodi kipande cha shamba kwa jirani, leta jembe la diski tatu, lima saa nzima. Dakika kumi hazitoshi, maana oili bado nzito na kila kitu kinajitahidi. Saa ikitimia, soma geji ya joto. Shusha injini iungurume taratibu na uangalie presha ya oili: ikianguka karibu na sifuri wakati wa moto, beringi zimelika. Rudia jaribio la haidroliki, kwa sababu pampu iliyochoka huinua oili ikiwa nzito na hushindwa ikiwa nyepesi. Sikiliza kama gia inaruka yenyewe kwenye mzigo. Kisha zima, subiri kidogo, uliwashe tena likiwa bado la moto. Mengi hugoma hapo hapo.

Muuzaji akikataa trekta lake lisilime, mshukuru kwa chai. Akikubali, na jembe likatoka kwenye udongo likiwa juu na geji zikiwa mahali pake, kaeni mjadili bei. Omba na dereva wake abaki nawe msimu wa kwanza, umlipe vizuri, kwa sababu hakuna kadi inayoandikwa kwamba gia ya tatu inataka kuvutwa kidogo kushoto.