Kitufe cha Kumaliza

Mpiga picha wetu wa harusi hapa Landover kanunua kijibodi cha vitufe 12 ili asafishe picha upesi. Hongera zake. Katika programu ya picha ya Lightroom Classic, herufi P huteua picha, X huikataa. Kunakili marekebisho ni Ctrl, Shift na C kwa mpigo, kuyabandika ni Ctrl, Shift na V. Kumbe vidole vitatu vilikuwa vikimchosha. Sasa amri nzima imelala chini ya kitufe kimoja.

Wiki ya kwanza alivipangia vitufe kazi. Ya pili akavipaka rangi: cha kuteua kijani, cha kukataa chekundu. Ya tatu akapangua vyote, eti kidole gumba kimelalamika. Treni za metro za Orange Line zinasimama Landover tangu 1978 na, hata zikichelewa, hufika. Picha za harusi ya mwaka juzi bado ziko njiani.

Juzi mama wa bibi harusi alimpigia.

“Mwanangu, mjukuu keshaota meno. Hicho kidude hakina kitufe cha kumaliza?”

“Mama, nisamehe. Vyote 12 vimeshajaa.”