Heko kwa Karani Asiyelala
Tuwe waungwana, tuupongeze mji wa New York. Oktoba 2023, meya Eric Adams aliwazindulia wafanyabiashara karani wa akili mnemba, awajibu maswali ya sheria usiku na mchana, bila foleni wala "njoo kesho".

Machi 2024 waandishi wa tovuti ya habari ya The Markup wakamwendea na maswali yao. Mwajiri aweza kukata sehemu ya bakshishi za wafanyakazi wake? Aweza. Mwenye nyumba amkatae mpangaji anayelipiwa kodi kwa ruzuku ya serikali? Hana kizuizi. Na duka likikataa pesa taslimu? Ruksa, ingawa sheria ya mji huohuo inalikataza tangu 2020.

Wenye kijicho wakaguna. Hawakuuona ukarimu: madiwani hutumia miaka kubadili sheria moja, karani alibadili tatu kabla chai haijapoa.

Meya hakumfukuza, na alifanya vyema. Karani wa nyama na damu angeandikiwa barua. Huyu alikuwa kwenye majaribio. Ikaongezwa ilani tu kwamba majibu ya mshauri huyu wa sheria yasichukuliwe kuwa ushauri wa sheria.

Hekima hiyo ienee. Rubani naye atangaze, ndege ikishapaa, kwamba urukaji wake usichukuliwe kuwa urubani. Na muuza duka akitozwa faini, aingie mahakamani kifua mbele, amweleze hakimu kwa heshima zote kwamba hata utiifu wake kwa sheria umo kwenye majaribio.