Mkrismasi Unaokula Bure

Hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, Novemba ikiingia, mikrismasi yote inawaka maua mekundu. Hata ule wa kando ya barabara, uliojaa misumari ya matangazo na ambao hakuna aliyewahi kuupa hata kikombe cha maji, unachanua mpaka unatia aibu. Jamaa zetu wa Maputo, jiji linalosifika kwa miti hiyo, wanatutumia picha kwenye simu kana kwamba tumewaomba. Wa kwetu una majani tu.

Mama ndiye anayeulea. Samadi ya mbuzi inafika kwake kabla ya mchicha. Maji ya kuosha mchele, ya kusuuza vyombo, ya udhu wa baba, yote yanaishia shinani.

Mjomba alileta dawa ya wazee: kuutisha. Akainua panga, akanguruma, "Leo nakukata!" Kazi yangu ilikuwa kumshika mkono na kuudhamini mti: "Umsamehe, mjomba, mwakani atatoa maua." Tuliigiza vizuri mno. Mbuzi wakatimua mbio, watoto wakalia, mti haukutikisa jani. Mwaka uliofuata ukachanua wa jirani, ng'ambo ya ua.

Akapita fundi wa bustani kutoka Mtwara. Aliutazama, akacheka. "Mama, huyu ameshiba. Mkrismasi unataka kiangazi kiupige, upukutishe majani, ndipo utoe maua. Ukiupa samadi na maji kila siku, unanenepa tu." Akasema mti uliopandwa kwa mbegu unaweza kukaa miaka mitano, hata kumi, kabla ya ua la kwanza. Na maua yenyewe hutokea kwenye ncha za matawi, zilezile ambazo baba huzikata kila Agosti apate kuona nani anapita njiani.

Baba akakohoa, akaenda msikitini kabla ya adhana.

Mama alimpa fundi chai na mihogo, akamsindikiza mpaka mlangoni. Alipotokomea akasema, "Kumnyima maji kiumbe wa Mungu! Wana roho ngumu mafundi hao."

Basi tarehe 24 Machi 2021 Palma ikashambuliwa na waasi. Tukakimbia na tulichovaa. Mti ukabaki peke yake kiangazi kizima: hakuna samadi, hakuna udhu, hakuna wa kukata matawi. Tuliporudi, jirani aliyekuwa amejihifadhi kijiji cha jirani cha Quitunda alituapia kwamba mwisho wa mwaka ule alipita hapa akaukuta mwekundu kuanzia juu mpaka chini, nyumba haina mtu, kuku wasio na mwenyewe wanazurura chini yake.

Nikamgeukia mama. Nikadhani sasa fundi wa Mtwara ameshinda kesi.

Mama alinyamaza kidogo, akaupapasa mti shinani. "Masikini," akasema. "Ulikuwa na majonzi. Sasa tumerudi, utoe maua ya nini?"

Akaumwagia ndoo nzima.