Mbuzi Yangu Mnadani

Nyumba ya mtu aendaye kazini kila siku hujaa kwa siri. Kwa miaka 31 niliyofundisha Kiswahili katika shule za Tanga nilikuwa nikitoka alfajiri na kurejea magharibi, na katika mwanga hafifu wa nyakati hizo mbili sikupata kujua kwamba chini ya samadari yetu mlikuwa na feni mbili zisizozunguka, pasi ya mkaa iliyopotelewa na jogoo wa kufungia kifuniko chake, masinia manne yaliyotoboka, na redio ambayo haikuwa ikisema ila mtu aishike waya na kusimama kwa mguu mmoja. Nilipostaafu na kushinda nyumbani mchana kutwa ndipo ilipofunuka hakika, ya kuwa mimi na mke wangu tu wapangaji, na wenye nyumba ni vyombo.

Rai ya kuvinadi ilitoka kwa mpwa wangu. Katika simu yake mlikuwa na kundi la watu wapatao mia nne, wa mjini Tanga, wa Pangani, wa Muheza na wa Korogwe, ambao kazi yao ni kuuziana kwa mnada bila ya kuonana: mwenye kitu hutia picha yake, hutaja bei ya kuanzia na saa ya kufunga, na wenye haja huandika tarakimu zao, moja chini ya nyingine, hata saa ikitimia yule aliye juu ya wenziwe huwa ndiye mwenye mali. Hakuna kengele, hakuna nyundo, wala hakuna dalali wa kukaukiwa na koo.

Wako waliodhani kwamba mwalimu mzima kunadi vyombo vya nyumbani ni kujivua heshima. Sikuona hivyo. Imepokewa na Anas bin Malik kwamba mtu mmoja wa Madina alimwendea Mtume kuomba, akaulizwa nyumbani kwake mna nini, akasema mna tandiko moja na bakuli la maji. Vikaletwa, vikanadiwa hapo hapo. Mtu akatoa dirhamu moja, ikaulizwa nani azidishaye, mwingine akatoa dirhamu mbili, akapewa. Kwa dirhamu moja maskini yule alinunua chakula cha watu wake, na kwa ya pili akanunua shoka, akaenda kukata kuni, na siku kumi na tano hazikwisha ila alikuwa na dirhamu kumi. Ikiwa tandiko na bakuli vilimtoa mtu katika dhiki, feni mbili, pasi na masinia vingeshindwaje kunitolea mimi nafasi ya kunyosha miguu?

Mnada wa kwanza ulikwenda salama kwa kiasi chake. Pasi ilinunuliwa kwa shilingi 9,000 na kijana mwenye mkahawa aliyetaka kuipanda maua. Feni zilichukuliwa na fundi ambaye haja yake ilikuwa nyaya za ndani tu, akazifungua barazani pangu, akachukua alichokitaka, akaniachia mapanga sita na maganda mawili, hata ikawa nimeuza vitu viwili na kubakiwa na vinane. Walakini fedha ziliingia, na fedha zikiingia tamaa huzifuata nyuma kama mkia.

Siku ya tano ya Mfungo Tatu macho yangu yaliiangukia mbuzi ya jikoni. Binti yetu alikuwa amemletea mama yake blenda mpya, nami nikakata shauri, bila ya kumtaka ruhusa mwenye jiko, kwamba nyumba yenye blenda haina haja tena ya mbuzi. Mke wangu alikuwa amekwenda arusini. Niliipiga picha vyema, lakini picha haikupanda: kiduara kilizunguka, kikazunguka, kikasimama, kwa sababu bando lilikuwa limebaki la kutosha maneno peke yake. Na kwa kuwa maneno ndiyo mali niliyoichuma maisha yangu yote, sikuona upungufu. Niliandika hivi: «Inauzwa mbuzi ya nyumbani, imara ya miguu, yenye meno kamili, isiyo na ila wala kilema. Imetunzwa na mama mmoja tangu mwanzo. Bei ya kuanzia ni shilingi 5,000. Kufunga ni saa tatu kamili usiku.»

Msomaji ajuaye ngeli amekwisha kuiona kinga yangu. Mbuzi mnyama ni mbuzi *wa* nyumbani, *asiye* na kilema. Mbuzi ya kukunia nazi ni mbuzi *ya* nyumbani, *isiyo* na kilema. Kanuni hii niliifundisha kwa chaki, kwa nasaha, na wakati mwingine kwa fimbo. Nililolisahau ni kwamba nje ya darasa langu wako watu wema na wenye akili zao timamu wasemao «mbuzi yangu imepotea» hali wakiwa wanatafuta kitu chenye pembe, na mvua haiachi kunyesha kwa ajili hiyo. Nililisahau na jambo la pili, kubwa zaidi: kwamba zilikuwa zimebaki siku tano tu kufikia Idi ya kuchinja.

Kabla ya adhuhuri dau lilikuwa limefika 45,000. Nilidhani mtu ameteleza akaongeza sifuri. Alasiri likafika 80,000, na hapo nikaanza kutafuta sababu ya kisomi, kwani mtu msomi akipata bahati asiyoielewa huona haya mpaka aipatie sababu. Nikakumbuka habari ya Pierre Omidyar, yule wa Marekani aliyeanzisha mwaka 1995 mnada wa kwenye intaneti ambao baadaye ulikuja kuitwa eBay. Kitu cha kwanza alichokiuza kilikuwa kalamu ya mwanga, tena mbovu, nacho kilipata dola 14.83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kumwuliza kama ameelewa kwamba ni mbovu, akajibiwa kwamba yeye hukusanya zilizo mbovu. Nikajiambia: ikiwa kalamu ya mwanga isiyowaka ilipata mpenzi wake, kwa nini mbuzi ya mvule, kazi ya mikono ya mafundi wa pwani, isipate hoteli ya kitalii ya kuitundika ukutani? Mfano ulikuwa mzuri, ila niliushika kichwa nikaacha mkia: Omidyar aliuliza kama mwenziwe ameelewa, mimi sikuuliza.

Maswali yalikuja kwangu, nikayajibu. Mmoja aliuliza kama umri umetimia. Nikamwambia umetimia na kupita. Mwingine aliuliza kama ni jike au dume. Nikaona ni mzaha, nami nikajibu kwa mzaha kwamba hilo amwulize mama watoto, maana ndiye anayeikalia kila jioni. Kundi zima lilinyamaza kitambo. Kisha mtu wa Muheza akaandika kwamba mbuzi wa kukaliwa na mtu mzima kila siku asivunjike mgongo hawezi kuwa na kilo haba, akapandisha dau hata 120,000.

Jioni mpwa wangu alinijia akisema kwamba, mimi nikiridhia, yeye atatia dau la uongo ili wengine wapande zaidi. Nikamkemea kwa sauti ya mimbari. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo najashi iliyoharimishwa, kupandisha bei ya kitu usichotaka kukinunua ili kumhadaa mwenzako, na kwamba katika nyumba yangu hadaa haina pa kulala. Maskini mimi! Nilikuwa nikifukuza hadaa mlangoni, na yenyewe imekwisha kuandikwa kwa sarufi safi. Dakika za mwisho walioshinda kimya waliibuka kama kaa maji yakipwa, na saa tatu kamili mtu wa Muheza alishinda kwa shilingi 185,000, fedha mkononi.

Alikuja asubuhi ya pili yake, mtu wa makamo, mwenye murua, mkononi ana kamba mpya ya katani na kwapani ana fungu la majani mabichi.

«Shikamoo, Mwalimu.»

«Marahaba, karibu baraza.»

«Nimestarehe. Yuko uani?»

«Iko jikoni.»

«Mnaifunga jikoni?»

«Haifungwi,» nikasema, «imetundikwa ukutani, kwenye msumari.»

Uso ulimbadilika, fungu la majani likamponyoka. «Mmekwisha kumchinja, Mwalimu? Na Idi bado siku nne? Hiyo si udhia tena, ni kitoweo!»

Niliingia ndani nikaitoa, maana ulimi wangu ulikuwa umekauka. Ilikuwa vile vile ilivyokuwa siku zote: mbao mbili zilizopitana kama marufaa, ubao wa kukalia umeng'aa kwa miaka ya kukaliwa, na mbele chuma chake kimechomoza kama shingo, kichwa kimeviringana, meno kamili kama nilivyoandika, na katika pengo la meno mawili mna chembe nyeupe ya nazi ambayo haikuwa ya miaka iliyopita. Ilikuwa ya jana. Mgeni aliitazama mbuzi, akaitazama kamba yake, akanitazama mimi.

Wakati huo ndipo mke wangu alipotokea mlangoni na nazi katika kila mkono.

«Mwalimu,» akasema, «mbuzi yangu inakwenda wapi?»

Katika fedheha ile niliona faraja moja ndogo, kwamba alisema *yangu* na *inakwenda*, kama ipasavyo. Lakini mgeni alikuwa amekwisha kukaa kitako, anacheka hata machozi yanamtoka, na mtu akichekea barazani kwako huna budi kumlisha. Mke wangu alikuna nazi zote mbili juu ya ile mbuzi, akinifahamisha baina ya mkuno na mkuno kwamba blenda husaga nazi lakini haiikuni. Tukala wali na samaki wa kupaka, nikampa mgeni nauli ya kurudia na ya kujia, tukaagana kwa heri. Zile 185,000 alikwenda nazo kutafuta mwenye miguu ya kutembelea.

Alipokwisha kuondoka tuliona amesahau kamba. Nilimpigia simu, akasema nibaki nayo, huenda siku moja nikanunua mbuzi. Ikatundikwa msumari ule ule, ubavuni mwa ile mbuzi, na ikawa nyumba iliyokuwa ipunguzwe imezidi kitu kimoja. Juzi nimeazimia kuinadi. Nimeandika kwa uangalifu mkubwa: «Inauzwa kamba safi, mali ya Tanga hapa hapa, haina harufu.» Na kwa kuwa nimekwisha kufunzwa na ulimwengu, sikuituma, bali nilimpa kwanza mke wangu aisome.

Akaisoma mara mbili, akaniinulia macho.

«Wabichi au wakavu?»